Civita di Bagnoregio, kijiji kinachomegeka: mwongozo kamili wa kwenda na kulala

Kilomita kama 120 kaskazini mwa Roma, katika mkoa wa Viterbo, kuna kijiji kilichokaa peke yake juu ya jabali, bonde limekizunguka pande zote. Njia ya kuingilia ni moja tu, daraja la miguu lenye urefu wa mita kama 300. Waetruski, watu wa kale wa Italia ya kati kabla ya enzi ya Warumi, walijenga hapo yapata miaka 2500 iliyopita. Leo wakazi wa kudumu hawafiki ishirini, na paka ni wengi kuliko watu. Bonaventura Tecchi, mwandishi aliyezaliwa Bagnoregio ng'ambo ya bonde, alikiita mji unaokufa, na jina hilo halijabanduka mpaka leo.

Nimekwenda mara tatu. Mara mbili za mwanzo niliingia na kutoka siku hiyohiyo, nikarudi Roma na picha nyingi bila hata mtu mmoja niliyezungumza naye. Mara ya tatu nililala, na hapo ndipo nilipokiona kijiji chenyewe. Kwa hiyo mwongozo huu unakupeleka huko kwa usiku mmoja. Ukipata nusu siku tu, nenda hivyo hivyo, lakini kama una nafasi ya kulala, usiiache.

Jambo moja kabla hatujaanza. Saa zote hapa ni za Kiswahili. Ratiba za Italia huandika 13:30, nayo kwetu ni saa saba na nusu mchana. Ziandike mwenyewe kwenye karatasi kabla ya kutoka, maana kichwa kilichochoka na safari huchanganya.

Jua kwanza unakanyaga nini

Usiruke sehemu hii, kwa sababu bila yake utaona nyumba nzuri za mawe na basi.

Jabali la Civita lina tabaka mbili. Juu kuna tufo, jiwe jepesi la rangi ya asali lililotokana na majivu ya volkano zilizolipuka kuzunguka ziwa Bolsena, ambalo lenyewe limejaa kwenye shimo la volkano. Chini yake kuna udongo wa mfinyanzi, uliowekwa na bahari zamani sana kabla ya volkano hizo. Tufo ni gumu kiasi cha kubeba nyumba. Ule udongo hauna nguvu hiyo. Mvua inaulainisha, vijito viwili, Rio Chiaro na Rio Torbido, vinaukwangua kutoka chini, na tufo likikosa pa kuegemea linapasuka na kuanguka kwa vipande vikubwa pamoja na chochote kilichojengwa juu yake. Yale matuta makali ya rangi ya kijivu utakayoyaona bondeni yanaitwa calanchi, na ndiyo mabaki ya udongo uliokwisha kuliwa.

Zamani Civita ilikuwa ndiyo mji wenyewe, na Bagnoregio mtaa wake wa pembeni. Mwaka 1695 tetemeko la ardhi lilibomoa sana, watu wakahama, askofu na serikali ya mji wakahamia Bagnoregio. Hata nyumba aliyozaliwa Mtakatifu Bonaventura, mwanateolojia wa Kifransisko aliyefariki mwaka 1274, haipo tena. Iliporomoka na ukingo ulioibeba. Ukiyajua haya, kila ufa utakaouona ukutani utakuwa na maana.

Karatasi

Anayetoka Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya Schengen, yaani viza ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya. Ada yake ni euro 90 kwa mtu mzima na euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Bima ya safari lazima ifikie angalau euro 30,000. Ombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na kisheria lisichelewe kuliko siku 15, lakini anayengoja siku 15 anajitafutia homa. Omba miezi mitatu kabla. Kama Italia ndiyo utakayokaa siku nyingi zaidi, peleka ombi kwa Italia, hata ukipitia uwanja wa ndege wa nchi nyingine.

Ndugu mnaoishi tayari katika nchi za Schengen na mna kibali cha kuishi hamhitaji viza nyingine, ila bebeni pasipoti pamoja na kibali chenyewe. Mwenye nyumba ya wageni atakuomba pasipoti siku ya kufika na kuandika taarifa zako. Usishtuke. Sheria ya Italia inamtaka kuwaandikisha polisi wageni wote wanaolala kwake, Mzungu kwa Mwafrika.

Kuchagua siku

Aprili, Mei, mwisho wa Septemba na Oktoba ndiyo miezi mizuri. Julai na Agosti jua ni kali, daraja halina kivuli hata cha mkono, na vikundi vya watalii vinajaa. Novemba hadi Februari ni baridi na baadhi ya migahawa hufungwa, lakini ndio msimu ambao ukungu hujaa bondeni alfajiri na kijiji kubaki kikielea juu yake kama kisiwa. Ukienda wakati huo chukua koti la kweli. Sweta ya uwanja wa ndege haitoshi.

Juni na Septemba kuna Palio della Tonna, mashindano ya punda kuzunguka uwanja wa kijiji. Mtu wa Lamu hahitaji kuelezwa raha yake. Punda ndio waliokuwa wakibeba kila kitu kupanda Civita kabla ya injini, na mbio hizi zimebaki kama heshima kwao.

Sasa shika hili: usiende Jumapili wala sikukuu kama unategemea basi. Mabasi ya Orvieto kwenda Bagnoregio hayatembei siku hizo. Sikukuu za kuzikumbuka ni 25 Aprili, 1 Mei, 2 Juni, 15 Agosti, 1 Novemba na 8 Desemba. Siku bora ni Jumanne hadi Alhamisi. Lala usiku mmoja katikati ya wiki na utakuta hata bei ya chumba imeshuka.

Roma hadi Orvieto kwa treni

Panda treni ya mkoa, yaani *regionale*, kutoka stesheni ya Roma Termini. Ni safari ya saa moja na robo hivi. Nauli ya treni hizi haipandi hata ukikata dakika tano kabla, tofauti na zile za mwendo kasi, kwa hiyo huna sababu ya kukata wiki mbili mapema.

Tiketi ya karatasi lazima uigonge kwenye mashine ndogo iliyo ukutani au kwenye nguzo *kabla* ya kupanda. Ya kwenye simu nayo ina hatua yake ya kuthibitisha kabla ya kusafiri, kwa kufuata kiungo unachotumiwa. Tiketi iliyolipiwa lakini haijathibitishwa huhesabika kama hukulipa, na faini yake inaumiza.

Mji wa Orvieto wenyewe uko juu ya jabali jingine la tufo. Mbele ya stesheni kuna kigari cha kamba, *funicolare*, kinachopanda hadi Piazza Cahen. Kama una saa mbili za kusubiri basi, panda. Hatua chache kutoka hapo kuna kisima kinachoitwa Pozzo di San Patrizio, kilichochimbwa kwa amri ya Papa Clement VII kuanzia mwaka 1527. Kina ngazi mbili zenye vidato 248 kila moja, zinazozunguka kisima bila kukutana, ili punda anayeshuka na ndoo tupu asigongane na anayepanda na maji. Nilipoegemeza mkono kwenye madirisha yake yanayotazama ndani, niliwasikia watu wa ngazi ya pili wakiongea karibu kabisa nami, na sikuweza kuwafikia. Fundi aliyewaza hivyo, Antonio da Sangallo, alimfikiria punda kwa makini kuliko wengi wetu tunavyowafikiria abiria.

Orvieto hadi Bagnoregio kwa basi

Basi ni la bluu, la kampuni ya mkoa wa Lazio iitwayo Cotral. Linachukua dakika kama 45, likipita mashamba ya mizabibu na mizeituni. Mabasi ni machache kwa siku, na ratiba ya siku za shule inatofautiana na ya likizo. Itazame jana yake, kisha muulize na mtu kituoni.

Nunua tiketi *mbili*, ya kwenda na ya kurudi, kabla hujaondoka Orvieto. Zinauzwa kwenye baa na maduka ya sigara yenye herufi T kubwa. Mimi nilinunua moja, nikijiambia kwamba ya kurudi nitaipata Bagnoregio. Nilifika dukani saa saba na nusu mchana, nikakuta pazia la chuma limeshushwa na karatasi imebandikwa: *chiuso*, imefungwa. Katika vijiji vya Italia mchana ni wa kula na kupumzika, na duka hufungwa hadi saa kumi au kumi na moja jioni. Basi likaondoka nikilitazama. Kilichofuata kilikuwa saa tatu za kukaa kwenye benchi.

Kwa gari

Barabara kuu ya A1, unatoka kwenye njia ya Orvieto, kisha kilomita kama 20 za kona na vilima. Hakikisha una kibali cha kimataifa cha udereva pamoja na leseni yako ya nyumbani. Mistari ya maegesho inasema yenyewe: nyeupe ni bure, bluu unalipia, njano ni ya wenyewe, usiiguse. Na ukiona bango la duara jeupe lenye mzingo mwekundu na maneno *zona a traffico limitato*, geuza. Kamera inapiga picha namba ya gari na faini inakufuata hadi nyumbani kupitia kampuni uliyokodi.

Kufika, na kuvuka daraja

Basi litakushusha Bagnoregio, si Civita. Kutoka hapo hadi kichwa cha daraja ni mwendo wa karibu nusu saa kwa miguu, ukipita lango la Porta Albana na barabara kuu ya mji. Kuna na kibasi kidogo cha kupokea watu, lakini tembea kama miguu inakubali. Njiani ingia kanisa kuu la San Nicola, ambako mkono wa Mtakatifu Bonaventura umehifadhiwa. Nunua maji na matunda hapa, chota pesa taslimu hapa, na msalani nenda hapa, ukinywa kahawa baa.

Kabla ya kushuka darajani, simama kwenye uwanja wa kutazamia wa San Francesco Vecchio. Chini yake kuna pango la Bonaventura. Inasimuliwa kwamba alipokuwa mtoto mgonjwa, bado akiitwa Giovanni, Fransisko wa Assisi alimponya na kusema kwa mshangao, *o bona ventura*, bahati njema iliyoje, na jina likamshika. Hapo ndipo pa kupiga picha ya kijiji kizima. Asubuhi jua linatokea nyuma ya kijiji na kukifanya kivuli, kwa hiyo picha nzuri ya kuta ni ya alasiri. Picha ya ukungu ni ya alfajiri.

Kiingilio ni euro 5. Kilipoanza mwaka 2013 kilikuwa euro 1.50, na kuna waliolalamika kwamba kijiji kinageuzwa kuwa bustani ya maonyesho. Mimi nalipa kwa moyo mweupe. Jabali linaloporomoka linahitaji kufungwa kwa nondo na zege kila mwaka, na watu wasiofika ishirini hawawezi kubeba gharama hiyo.

Daraja lililopo ni la mwaka 1965. Linaanza tambarare, kisha linapanda, na theluthi ya mwisho ni kali. Upepo hapo katikati huvuta kofia. Vaa raba zenye soli inayoshika, maana zege likilowa huteleza. Kigari cha mtoto kitakuchosha bure, afadhali umbebe mgongoni kwa kanga. Begi la magurudumu liache Roma, njoo na la mgongoni la usiku mmoja. Kwa anayetumia kiti cha magurudumu, mwinuko ule ni mgumu na unahitaji wasukumaji wawili wenye nguvu. Nasema mapema ili mtu asisafiri kilomita elfu kadhaa akaishie kwenye uwanja wa kutazamia. Ukisikia mlio wa injini nyuma yako, pisha. Ni wenyeji na mizigo yao kwenye vigari vya magurudumu matatu, ndugu kabisa wa bajaji zetu.

Ndani ya lango

Lango linaitwa Porta Santa Maria. Usilipite mbio kama wengi wanavyofanya. Inua macho: kila upande kuna simba wa jiwe, na kucha zake zimeshika kichwa cha mtu. Ni kumbukumbu ya wenyeji kuwashinda Monaldeschi, ukoo wa mabwana wa Orvieto, katika karne ya 15. Kisha gusa ukuta wa njia yenyewe. Hapo hapakujengwa, palichongwa. Waetruski walilikata jabali, na mikwaruzo bado inasikika chini ya vidole.

Ukishatoka langoni kuna ukuta mzuri wa jumba la kale, wenye mlango na madirisha kamili. Tazama kupitia madirisha hayo. Utaona anga. Jumba lote lilianguka bondeni, ukabaki uso. Nilisimama pale na mama mmoja wa makamo aliyekuwa akipita na kapu lake, akanyoosha kidole dirishani na kusema neno moja tu, *caduto*, limeanguka, kwa sauti ya mtu anayemtaja jirani aliyefariki.

Mbele yake ni uwanja wa San Donato, ambao haukusakafiwa, ni changarawe tupu, na kanisa la San Donato. Vaa nguo inayofunika mabega na magoti. Ndani kuna msalaba wa mbao wa karne ya 15, unaohesabiwa kuwa kazi ya wanafunzi wa Donatello, mchongaji mashuhuri wa Florence. Ijumaa Kuu hubebwa kwa maandamano hadi Bagnoregio, na kwa mujibu wa wenyeji ni lazima urudi Civita kabla ya saa sita usiku, la sivyo Bagnoregio watakuwa na haki ya kubaki nao. Jumba la makumbusho ya jiolojia na maporomoko liko hapo karibu, katika Palazzo Alemanni. Ni dogo na linaelezea vizuri yale niliyokugusia kuhusu tufo na udongo.

Nenda hadi mwisho wa kijiji, upande wa mashariki, ambako watalii wengi hawafiki. Njia inashuka kwenye pango la Madonna del Carcere, na nyuma yake calanchi zimetanda. Usipite uzio hata kama wenzako wanapita kwa ajili ya picha. Ukingo ule ni hai, unakatika bila kutoa taarifa.

Kuhusu salamu. *Ciao* ambayo vijana wa Malindi na Watamu wanaimudu tangu utotoni ni ya marafiki na rika lako. Kumwambia mzee wa kijiji *ciao* ni kama kumwambia babu wa watu "mambo". Sema *buongiorno* hadi mchana, *buonasera* jioni, na ukiingia dukani anza na salamu kabla ya kushika kitu. Mlango ulio wazi na maua kando yake ni nyumba ya mtu. Omba kwanza: *permesso?*

Kula

Chakula cha mchana ni saa sita na nusu hadi saa nane na nusu, cha usiku kuanzia saa moja na nusu. Katikati ya hapo jiko limezimwa. Kwenye bili kuna euro moja au mbili za mkate na meza. Si wizi, ndiyo desturi. Kahawa ukiinywa umesimama kaunta ni nafuu kuliko ukikaa.

Tambi za hapa ni nene, za kusokotwa kwa mkono, na zinapendeza kwa uyoga wa *porcini*. *Bruschetta*, mkate wa kuchoma uliopakwa kitunguu saumu na mafuta mapya ya zeituni, inatosha kabisa kwa mchana.

Kwa Waislamu, kariri maneno haya kabla ya kukaa mezani: *maiale* ni nguruwe, *cinghiale* ni nguruwe pori naye yuko kwenye kila menyu ya eneo hili, *guanciale*, *pancetta*, *prosciutto* na *salsiccia* zote ni yeye, na *strutto* ni mafuta yake, ambayo huingia hata kwenye baadhi ya mikate. *Ragù* mara nyingi huchanganya nyama. Sema *senza maiale e senza vino*, bila nguruwe na bila divai. Samaki wa ziwa Bolsena, *coregone*, ni chaguo zuri, ila uliza kama amepikwa kwa divai.

Usiku

Vyumba ni vichache, kwa hiyo weka nafasi miezi miwili kabla, na ukipata ndani ya Civita yenyewe usisite kwa tofauti ya euro ishirini. Mwambie mwenye nyumba saa utakayofika. Wengi hawakai mapokezi, wanakuja kukufungulia.

Vikundi huanza kuondoka saa kumi na moja jioni. Kufikia saa mbili usiku nilibaki mimi, taa za njano kwenye kuta, na paka wawili kwenye ngazi za kanisa. Nilizisikia hatua zangu. Bibi aliyekuwa akifagia mlango wake aliniuliza natoka wapi, na nilipomjibu akarudia jina la nchi yangu polepole, akaacha ufagio, tukakaa kibarazani kwake karibu nusu saa, Kiitalia changu kikichechemea. Mchana mlango ule ule ulikuwa umefungwa kwa ajili ya umati.

Weka kengele ya saa kumi na moja na nusu alfajiri. Toka kabla ya jua, vuka daraja likiwa tupu, rudi hadi uwanja wa kutazamia, na ukae. Kama ukungu upo, utauona ukijaza bonde kutoka chini, ukimeza matuta moja moja mpaka ibaki kengele ya San Donato na mapaa. Mgeni wa kwanza wa siku hufika baada ya saa mbili asubuhi.

Basi la kurudi husimama upande uliposhukia. Fika dakika kumi kabla, tiketi mkononi, na ukiliona linakuja mnyooshee dereva mkono, maana bila hivyo anaweza kupita.